Tupeane uzoefu: The Age of Adz inasikilizwaje na mtu aliyezoea banjo?

#1
Wakuu, wengi walioipenda Illinois, albamu ya 2005 ya mwanamuziki wa Marekani Sufjan Stevens yenye banjo na folk (muziki wa ala za asili), hukwama kwenye albamu yake hii ya Oktoba 2010. Wahakiki wengi waliisifu. Wasikilizaji ndio waligawanyika, na lawama kubwa ni kwamba kelele zimefunika nyimbo. Mwenye mbinu aimwage hapa.

#2
Anza na kifaa. Albamu imejengwa juu ya besi ya sinthesaiza na mashine za ngoma, na spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini. Inayobaki ni milio ya juu inayogongana, halafu mtu anasema kelele. Vaa hedifoni za kufunika sikio, hata za kawaida. Zima pia ile nyongeza ya besi kwenye simu: "Too Much" imeshajaa chini, ukiongeza inavuma na sauti ya mwimbaji inazama. Faili lililobanwa sana nalo linageuza filimbi na kwaya kuwa uji mmoja, kwa hiyo chagua ubora wa juu.

#3
Nakazia: msichanganye mpangilio wa nyimbo. "Futile Devices" inafungua kwa gitaa na piano, dakika mbili na ushee, bila mdundo wowote wa mashine. Inayofuata ni "Too Much", na ule mshtuko umepangwa. Anayesikiliza kwa kuruka-ruka anaukosa.

Na wanaodai aliikimbia folk wasikilize albamu yake Enjoy Your Rabbit ya 2001. Ni muziki wa kielektroniki mtupu, unaozunguka wanyama wa falaki ya Kichina, na ulitoka kabla ya albamu yake Michigan ya 2003. Mashine alikuwa nazo tangu zamani.

#4
Mkuu #3 umenena. Mimi nazungumzia "Impossible Soul", dakika 25 na zaidi, maana hapo ndipo wengi wanapotupa taulo. Usiisikilize mwishoni mwa albamu mara ya kwanza, sikio limeshachoka. Iwekee siku yake. Ihesabu kama nyimbo kadhaa zilizounganishwa: kuna sehemu ya ototyuni (sauti ya mwimbaji iliyonyooshwa kwa kompyuta), kuna sehemu ya kwaya na dansi, kisha vyote vinaondoka na kubaki gitaa la kudonoa kwa vidole. Yaani inarudi pale "Futile Devices" ilipoanzia. Lawama ya urefu ina haki kwenye ototyuni, inakaa muda kuliko inavyohitaji. Ila ukiikata, lile gitaa la mwisho halina uzito tena.

#5
Tazameni jalada kabla ya kubonyeza. Michoro ni ya Royal Robertson wa Louisiana, mchoraji wa mabango aliyejiita nabii, aliyeishi na skizofrenia na kuchora vyombo vya angani na mwisho wa dunia. Wimbo unaobeba jina la albamu unaeleweka haraka ukishaiona.

Mashairi nayo yamebadilika. Illinois ilijaa watu na miji. Hapa anajisemea mwenyewe, hadi kwenye "Vesuvius" anajiita kwa jina. Tahadhari: "I Want to Be Well" ina tusi linalorudiwa waziwazi, msiipige mbele ya watoto.

#6
Kwa mgeni kabisa: "Futile Devices", "I Walked", "Vesuvius", kisha albamu nzima kwa mpangilio wake. Albamu yake tulivu Carrie & Lowell ya 2015 iacheni kwanza. Ukitoka kwenye utulivu ule moja kwa moja, hii itakuumiza masikio bure.