Wakuu, nisaidieni: kwa nini ujenzi una uzito mara mbili kwenye uchumi wa Tanzania kuliko Kenya?

mwanachuo_wa_mwisho:
Habari za majukumu wakuu. Naandika utafiti wa shahada ya kwanza, nalinganisha mchango wa ujenzi kwenye Pato la Taifa la Tanzania na Kenya. Shida namba hazikai. Tanzania napata karibu asilimia 14 kwa miaka ya 2020 hadi 2022. Kenya nikichukua za KNBS, ofisi yao ya takwimu, napata kama 7, nikichukua za Benki ya Dunia napata 17. Msimamizi kaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kwa hiyo Kenya wanajenga nusu yetu? Fafanua." Sina la kufafanua, maana Nairobi ninayoiona kwenye picha ni magorofa kila kona. Nitumie namba ipi, na tofauti naielezaje? Wenye ujuzi karibuni, wenye kejeli mpite kimya.

mvuvi_wa_takwimu:
Mkuu, hiyo 17 itupe. Safu uliyoichukua Benki ya Dunia ni ya viwanda kwa ujumla wake: madini, uzalishaji, umeme, maji, na ujenzi umo humo. Ukiivuta safu hiyohiyo kwa Tanzania utakuta karibu 28. Chukua NBS (ofisi ya takwimu ya Tanzania) na KNBS moja kwa moja, wote wanautenga ujenzi.

Halafu zote ziwe kwa bei za mwaka husika. Mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao hesabu za Pato la Taifa zimejengwa juu yake, kwa Tanzania ni 2015, kwa Kenya ni 2016. Na majedwali ya Kenya ya kabla ya 2021 yalitumia kizio cha 2009, hayo usiyachanganye na mapya hata kidogo.

fundi_makadirio:
Mimi ni mtu wa makadirio ya ujenzi, niongeze kimoja ambacho wanafunzi wengi hawakioni. Asilimia hiyo haipimi majengo mnayoyaona. Inapima thamani iliyoongezwa na mjenzi. Chukulia nyumba imekamilika kwa milioni 50. Saruji, nondo, mabati, mbao na rangi zimekula milioni 32. Kwenye Pato la Taifa, ujenzi unahesabiwa milioni 18 tu: ujira wa mafundi na vibarua, faida ya mkandarasi, uchakavu wa mitambo yake. Saruji ya kiwanda cha ndani imeshahesabiwa kwenye uzalishaji viwandani, na nondo za kutoka nje si pato letu kabisa. Kwa hiyo picha za magorofa usimpelekee msimamizi.

mwanachuo_wa_mwisho:
Nimekupata mkuu. Na pale mkandarasi ni mgeni? Reli yetu kajenga Mturuki, bwawa la Nyerere kajenga Mmisri.

fundi_makadirio:
Inahesabiwa Tanzania, kazi imefanyika ndani ya mipaka. Faida akiipeleka kwao itapunguza pato ghafi la wananchi (GNI), hilo ni hesabu nyingine.

wa_kisauni:
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, sisi huku fedha ya nyumba imejificha kwenye mstari mwingine. Tazama umiliki na upangishaji wa majengo: Kenya ni kama asilimia 8 au 9, Tanzania ni karibu 3. Jumlisha na ujenzi uone. Kenya inafika karibu 16, Tanzania 17 hivi. Hiyo "mara mbili" inabaki wapi?

mvuvi_wa_takwimu:
Hapo nakukatalia, ndugu. Mstari huo ni kodi za pango, pamoja na pango la kukadiria kwa anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Nyumba iliyojengwa 1985 bado inaingiza humo kila mwaka bila tofali hata moja kuongezwa. Ukijumlisha unachanganya kujenga na kumiliki. Aliyekuwa anauliza kuhusu ujenzi umemjibu kuhusu wenye nyumba.

wa_kisauni:
Sikusema ni kitu kimoja. Nimesema akiuacha nje kabisa, msomaji atadhani Kenya haina majumba.

mvuvi_wa_takwimu:
Hilo nakubali. Ila tofauti ya ujenzi ni ya kweli, na ushahidi wake uko upande wa matumizi, yaani Pato la Taifa likihesabiwa kwa fedha zilivyotumika. Uwekezaji kwenye rasilimali za kudumu, kama majengo, barabara na mitambo, Tanzania ni karibu asilimia 40 ya Pato la Taifa, Kenya inazunguka 20. Ukiwekeza mara mbili kwa uwiano, mjenzi naye atachukua fungu kubwa. Na nyakati hazikulingana: treni ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 2017, mwaka uleule ambao Tanzania ndiyo kwanza inaanza kujenga reli ya Dar hadi Morogoro. Ujenzi wa bwawa la Nyerere, la megawati 2,115, ukafuata 2019. Miaka uliyoichagua mkuu, 2020 hadi 2022, ndiyo saiti za Tanzania zilikuwa moto. Kenya nayo ilikuwa na barabara ya juu ya Nairobi, lakini hiyo ni kilomita 27.

mwanachuo_wa_mwisho:
Basi miaka niirudishe nyuma hadi 2015?

mvuvi_wa_takwimu:
Ndiyo, ili reli zote mbili ziingie. Ujenzi uwe jedwali kuu, umiliki wa majengo jedwali la pembeni, usivijumlishe. Na soma kichwa cha jedwali la NBS kama ni Tanzania Bara au Muungano mzima, kwa sababu Zanzibar ina ofisi yake ya takwimu.

fundi_makadirio:
Na hiyo kalamu nyekundu umjibu kwa maneno yake: kwa shilingi sijui, kwa fungu la uchumi wao, ndiyo, kama nusu. Uchumi wa Kenya ni mkubwa kuliko wetu, fungu dogo la kitu kikubwa si lazima liwe dogo.