Yule wa dirisha la leseni kaniuliza nimeishia darasa la ngapi, mbele ya foleni nzima!

Wakuu habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa zamani wa leseni, huu ni wa leo leo na mikono bado inanitetemeka.

Wa Mtwara mjini mnamjua, jina simtaji na ofisi siitaji, yule wa kiti cha kuzunguka anayetafuna korosho toka asubuhi mpaka anafunga dirisha. Leo kaniuliza mimi, mama wa watoto wanne, "kwani we mama umeishia darasa la ngapi?" Na hakuniuliza kwa kunong'ona, kaniuliza kwa sauti ya kuitia abiria stendi, nadhani wavuvi wa Msimbati wameacha nyavu wakageuka kusikiliza ntajibu nini.

Kosa langu? Nimeomba leseni ya duka kwenye TAUSI, ule mfumo wa halmashauri wa mtandaoni, kwa simu yangu mwenyewe, nimejaza kila kitu, nikapata control namba ya kulipia, nikalipa usiku, meseji ikaingia kwamba malipo yamepokelewa. Asubuhi nafungua akaunti bado inasema haijalipiwa. Bas nikafunga duka nikaenda kuuliza, nimekaa kwenye lile benchi toka saa mbili mpaka saa saba, benchi lenyewe mguu mmoja mfupi, akiinuka mwenzio unaanguka. Nafika dirishani namwonesha meseji, simu hata hakuipokea, kaangalia kompyuta yake kasema "mfumo hauoni". Nikamwambia kaka, hela imeshakatwa, risiti hii hapa, sasa mi nifanyeje? Ndo akazungusha kile kiti taratiibu, akamalizia korosho iliyokuwa mdomoni, akaniuliza hilo swali.

Jamani, namba ya NIDA ya kitambulisho ina tarakimu 20 nimezikariri. TIN ya mlipakodi tarakimu 9. Control namba tarakimu 12. Tarakimu 41 ziko kichwani kwangu na bei za duka zima juu yake, afu mtu anakaa kwenye kiti cha kodi yangu ananiuliza darasa la ngapi!

Angeniuliza nimelipa saa ngapi ningemjibu. Angeniuliza nimelipia mtandao gani, au namba ya muamala, ningemsomea yote bila kukosea. Maswali ya kazi yapo, kachagua hilo. Na juu ya kichwa chake umetundikwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja, una fremu ya kioo kabisa, chini yake sanduku la maoni kufuli limeota kutu mpaka limekuwa jekundu. Control namba tunazo toka 2017, tuliambiwa zitatuondolea usumbufu wa kubembeleza watu madirishani. Hela kutoka kwangu ilichukua muda wa kupiga chafya, kufika kwake mpaka saa hizi haijafika, imepanda basi?

Darasa la ngapi. Mbele ya mteja wangu wa unga alikuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Korosho Ghafi: Pole sana mama. Ila ulimjibu la ngapi? Tumekaa paleee tunasubiri.

Mla Ming'oko: Huyo huyo! Mi alinirudisha nikalete kopi ya kitambulisho wakati picha yangu anaiona kwenye kompyuta, sura yangu hii hapa na picha ile pale. Nimelipa mia mbili ya kopi, kaipokea kafunikia kikombe cha chai.

Kijana wa Mifumo: Mama malipo ya simu yanatoka mtandao wako yanapita GePG, mfumo wa malipo wa serikali, ndo yanashuka kwenye mfumo wa halmashauri, yakikwama katikati hata yeye hayaoni. Wapigie mtandao wako uwape namba ya muamala na control namba. Usilipe mara ya pili. Na kama unataka kumlalamikia piga *152*00# utakutana na e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko.

Mleta uzi: Mwanangu ubarikiwe, hilo ndo jibu nililolifuata pale masaa matano, we umenipa bila kuniona sura. Mfumo kukwama sijagombana nao, hata jiko linazima. Nimegombana na darasa la ngapi.

Korosho Ghafi: la ngapi lakini

Mleta uzi: La saba, na nilifaulu. Umefurahi?

Baharia wa Mikindani: Nyie angalau mna dirisha. Sie mkusanya ushuru wa samaki anakuja na POS, kile kimashine cha risiti, ikizima chaji anachukua hela anasema risiti ntakuletea. Toka Ramadhani namsubiri na risiti yangu.

Shangani Mwisho: Afu kuna namba za nyumba za 2022, mlangoni nimebandikiwa na mtaa una kibao, mzigo ukija bodaboda ananipigia "nipo kwenye mwembe nielekeze". Mwembe upi, mtaa mzima miembe!

Mwana Newala: Mjini mnalalamikia vitu vidogo sana. Sie aliyeingiza data kwenye daftari la wakulima kanipunguzia sifuri, mikorosho 150 imekuwa 15. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nimepewa ya miti 15. Hiyo mingine niipulizie mate?

Mla Ming'oko: Ukivuna nayo utauza ya miti 15, nyingine kangomba, kwa walanguzi wa kichochoroni hahaha

Mwana Newala: Kangomba siuzi, nasubiri mnada.

Baharia wa Mikindani: Mnada wenyewe siku hizi TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, unapigwa kwenye kompyuta, mtajuaje nani kanunua?

Mwana Newala: Bora huo, bei inasomwa wote tunaisikia. Zamani barua za bei za wanunuzi zinafunguliwa we umekaa chini ya mti unaambiwa tu.

Kijana wa Mifumo: Newala nenda kwa mtendaji na picha za shamba, waombe warekebishe daftari kabla ya mgao ujao, usisubiri msimu.

Mleta uzi: Jamani uzi wa leseni huu.

Korosho Ghafi: Mama darasa la saba la mwaka gani

Mwana Newala: Kuna mtu ana mashine ya kupulizia ya kuazima wiki hii? Yangu imekufa.

Tandahimba Juu: Ipo. Njoo na petroli yako.