Tupeane uzoefu: wewe ulianzaje kupenda kuandika hadithi za zamani?

Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, naandika simulizi mwaka wa nne huu, zile za kurusha kipande kipande kwenye magrupu ya WhatsApp. Nilikuwa naandika za Dar tu, Masaki, magari ya bei mbaya, mdada kamsaliti mchumba wake, na Masaki kwenyewe sijawahi kukanyaga. Watu walikuwa wanasoma ila mimi moyo haukuwepo.

Kilichonigeuza ni Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa naenda Kasanga, usiku usingizi hauji, nimekaa juu na mzee mmoja mwenye mafurushi yake ya mitumba, akaniambia mwanangu hii meli imeshalala chini ya maji miaka. Nikajua ni stori za wazee za kupitisha usiku. Niliporudi nikafuatilia, kumbe kweli bwana. Wajerumani waliiunda kwao wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye makasha, kwa bahari mpaka Dar halafu treni mpaka hapa kwetu, ikaingia ziwani 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, walivyoona wamezidiwa wakaizamisha wenyewe, ila kwanza wakaipaka injini grisi nene ili isiliwe na kutu. Waingereza ndo wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa mimi nikanasa kwenye ile grisi. Nani aliipaka? Vitabu vinataja maofisa, ila mimi namuona kijana wa Kiha kashuka mle chini na ndoo, joto, taa inamulika kidogo tu, anasugua chuma kwa kiganja, kila nati, kila bomba, na anajua kabisa kesho hiki chuma kinaenda chini. Nilianza kumwandika usiku huohuo. Masaki sijarudi tena.

Haya na nyie mtiririke.

Mnyanyembe wa Ipuli:
Mkuu umenigusa. Mimi Tabora. Nilianza na hadithi ya kijana anayetafuta mdogo wake mwaka 1893, baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kujilipua na baruti kwenye ngome yake asishikwe na Wajerumani. Nikampandisha kijana treni kwenda pwani. Mwalimu mmoja mstaafu akasoma, akanipigia, akaniuliza kwa upole tu, reli imefika Tabora 1912, huyu mwanao kapanda treni gani? Niliumia sana maana nilikuwa na kurasa 60. Ikabidi nimshushe atembee na wapagazi mpaka Bagamoyo, na safari hiyo ni miezi, pembe za ndovu begani, bega linachubuka linaota sugu linachubuka tena, kirangozi, yule kiongozi wa msafara, yuko mbele. Yaani ile treni ilikuwa inanifichia hadithi nzima. Kurasa 60 nilizifuta zote na sijutii hata moja.

binti_ujiji:
Mimi aliyenianzisha ni mwanamke anaitwa Halima. Kila mgeni akija Ujiji anapelekwa kwenye ule mnara pale kwenye miembe, Stanley na Livingstone, 1871, basi. Ila Stanley mwenyewe ameandika kwamba Livingstone alikuwa na mpishi wake anaitwa Halima. Mwanamke ana jina kabisa! Nilivyolisoma nililia. Sasa naandika siku ile kutokea jikoni, kuni mbichi, moshi, wageni wengi ghafla na unga hautoshi. Wazungu wanaongea barazani, sauti tu inafika.

Mnyanyembe wa Ipuli:
Dada hiyo nitainunua nakala ya kwanza.

mtu wa Urambo:
Naongezea kidogo kwa wanaoanza. Ukienda kwa mzee usimwambie babu nieleze historia, atakupa ya shuleni, Mirambo alipigana na Waarabu, mwisho. Muulize vitu vidogo. Mimi nilimuuliza bibi yangu, mama yako alikuwa anafungasha nini mtu akisafiri? Akanyamaza, akaenda ndani akarudi na michembe kwenye ungo, akaanza kunionyesha kiazi kinavyokatwa na kuanikwa na jinsi ya kukifunga kisipate unyevu, mikono inaongea kuliko mdomo. Saa nzima. Peleka sukari kilo moja na simu iwe na chaji, urekodi.

Mwenye uzi:
Asanteni sana wakuu, nimezisoma zote mara mbili. Dada wa Ujiji endelea na Halima, usimwache njiani. Mimi sasa hivi nimekwama, kijana wangu ametoka kwenye injini, mikono yote grisi, maji peke yake hayaitoi. Wenye wazee waliofanya kazi bandarini au reli, waulizeni basi: zamani mafundi walikuwa wanaitoa na nini, mchanga, majivu, mafuta ya mawese? Na grisi yenyewe walikuwa wanaiitaje?