PhD Ujerumani au ajira ya kampuni ya mbegu Arusha? Natakiwa kujibu mwezi huu

Binti wa Muheza

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa waliopita njia hii, maana nyumbani kila mtu ananiambia "nenda Ulaya" bila kuuliza naenda kufanya nini.

Nimemaliza uzamili wa sayansi ya mazao SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro. Utafiti wangu ulikuwa wa michirizi kahawia ya muhogo. Kwa wasioujua, ugonjwa huu unaweza kukaa shambani majani yakionekana mazuri tu, mkulima akajua ana chakula. Siku ya kuvuna anakata muhogo anakuta ndani una mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Hata ng'ombe anaubagua. Ulielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1936, hapahapa kwetu Tanga, na mpaka leo mama zetu wanagawiana pingili zenye virusi kwa nia njema kabisa. Jambo hili linaniuma.

Profesa mmoja Ujerumani amenipa nafasi ya PhD ya miaka mitatu juu ya nzi weupe wanaoeneza virusi hivyo. Wakati huohuo kampuni ya mbegu za mahindi Arusha imeniita kazini, milioni 1.4 kwa mwezi. Ukitoa mchango wa NSSF, kodi ya PAYE na ile 15% ya mshahara inayokatwa kurudisha mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo, inabaki kama laki nane na arobaini. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, mama anamsomesha kwa biashara ya machungwa. Nina miaka 28. Nifanyeje?

Mzee wa Kituoni

Hongera mwanangu. Kabla sijasema lolote: GPA yako ya shahada ya kwanza ni ngapi?

Binti wa Muheza

Shikamoo mzee. Ni 3.6. Uzamili 4.2.

Mzee wa Kituoni

Marahaba. Nimeuliza kwa sababu vijana wengi wanakwenda PhD wakitegemea kurudi kufundisha chuo kikuu cha umma. Matangazo mengi ya nafasi hizo yanataka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili, na PhD haifuti ile ya kwanza. Kwa hiyo ikiwa ndoto yako ni uhadhiri, jua mapema kwamba mlango huo ni mwembamba kwako. Ikiwa ni utafiti, hapo ni habari nyingine. Ukitaka kuongoza mradi wa muhogo, iwe TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, au IITA, ile ya kimataifa pale Dar, bila PhD utabaki kukusanya sampuli za mtu mwingine mpaka nywele ziwe nyeupe. Mimi nimefanya kazi na mafundi maabara hodari sana, wenye macho makali kuliko wakubwa wao wenye PhD, na hakuna aliyewauliza utafiti ujao uwe wa nini.

Umri usikutishe. Utumishi wa umma wanapokea mpaka miaka 45.

Kaka Njiro

Mzee nakuheshimu, lakini hapa tutofautiane kidogo. Dada, nipo kwenye mbegu Arusha miaka mingi. Hii kazi msiione ni ya kukaa ofisini. Wakati wa kung'oa mbelewele, yaani maua dume ya juu ya mhindi, kwenye mistari ya jike inayozaa mbegu, unasimamia vibarua tangu alfajiri, kwa sababu mimea michache ikimwaga poleni kabla hujaifikia, mkaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, anaweza kukataa shamba zima. Utajifunza kwa nini mbegu bora haimfikii mkulima. Hilo hakuna maabara itakufundisha. Na ufadhili hautoroki kesho: DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wanataka isiwe imepita zaidi ya miaka sita tangu upate shahada yako ya mwisho. Fanya kazi kwanza, msaidie mama, kisha omba ukiwa na swali lako mwenyewe, siyo la profesa.

Mama Zuhura, Göttingen

Mdogo wangu, niko mwaka wa tatu huku, kilimo pia. Niseme ninayoyajua.

Kwanza soma mkataba. Nafasi nyingi za fani yetu ni E13, ngazi ya mshahara wa watafiti wa vyuo huku, kwa 65%. Unalipwa theluthi mbili, unafanya kazi siku nzima. Mkononi ni karibu euro 2,000. Kodi ya nyumba ikishatoka, kiasi kidogo cha kutuma nyumbani kinapatikana, ila si kile wanachokifikiria Muheza. Deni la Bodi halisimami, lipa mwenyewe ukiwa huku. Afadhali ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021.

Pili, na hili ndilo zito: muhogo hukaa ardhini miezi tisa mpaka kumi na nane. Mkataba wako ni miaka mitatu. Utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na cheti cha afya ya mimea ukisafirisha majani. Kibali kikichelewa ukapitwa na mvua, umepoteza mwaka mzima, na wengi hawamalizi kwa mitatu. Muulize profesa mwaka wa nne analipa nani. Halafu tafuta mwanafunzi wake aliyekwishamaliza, umuulize msimamizi anarudisha rasimu baada ya muda gani. Usiishie kwa walio naye sasa, hawatakuambia.

Kaka Njiro ana hoja, lakini nafasi ya kusoma tatizo la kwenu, shambani kwenu, kwa mshahara wa mwingine, haiji kila mwaka.

Binti wa Muheza

Asanteni sana, nimeongea na mama leo jioni. Amesema ada ya mdogo wangu ya mwaka huu ipo, nisiamue kwa ajili hiyo. Nimemwandikia profesa maswali mawili: mwaka wa nne, na shamba linaanza lini. Akikubali nianze shamba na mvua za vuli hapa Tanga, na kibali kiombwe sasa, naenda. Akitaka nikae maabara mwaka mzima wa kwanza, nasaini Arusha na kuomba DAAD baadaye nikiwa na swali langu.