Elektroni zikipita, protoni zinavutwa na nani?

Binti wa Tororo
Walimu na ndugu zangu, nisaidieni. Niko Senia 5, yaani kidato cha tano. Kwenye usanisinuru naelewa kwamba mwanga hurusha elektroni kutoka klorofili, nazo hupita kwenye utando wa thailakoidi, vile vifuko bapa vilivyo ndani ya kloroplasti. Najua pia kwamba protoni (ioni za hidrojeni, zinazoleta asidi) hujaa ndani ya vifuko hivyo. Ninapokwama ni katikati: nani anazifunga hizi mbili pamoja? Pampu iko wapi? Nimechora mara tano nyuma ya daftari, na kuna mshale mmoja ninauweka kwa kukariri tu.

Mwalimu, Jinja
Binti yangu, mshale huo ndio somo lenyewe. Usitafute pampu, mtafute mchukuzi. Anaitwa plastokwinoni, na huteleza humohumo ndani ya mafuta ya utando. Akipokea elektroni mbili upande wa nje, kwenye stroma (majimaji yanayozunguka thailakoidi), huchukua na protoni mbili palepale, maana bila hizo angebaki na chaji hasi. Akishajaa huvuka hadi saitokromu b6f, protini iliyo kwenye utando huohuo. Huko elektroni hupokelewa, lakini mlango wa kushushia protoni umeelekea ndani. Zimechotwa nje, zimemwagwa ndani! Kama kupakia na kushusha kungekuwa upande mmoja, elektroni zingepita kutwa nzima bila protoni hata moja kuvuka.

Protoni nyingine hutoka majini: molekuli 2 za maji zikipasuliwa, hutoa oksijeni na elektroni 4 za kujaza pengo la klorofili, na huacha protoni 4 mlemle ndani. Protoni zote hutoka nje kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP (kibeba nishati cha seli) na kukizungusha, kama Nile inavyozungusha mitambo yetu ya umeme ya bwawa la Nalubaale.

Niko Makerere
Shikamoo mwalimu. Dada, kamba hiyo inavuta pande zote mbili. Protoni zikijaa sana ndani, plastokwinoni huchelewa kushusha zake, na elektroni nazo hupunguza mwendo. Ukitia amonia, asidi ya ndani hupotea: elektroni hukimbia, ATP haipatikani. Na mwaka 1966 wanasayansi Jagendorf na Uribe waliloweka thailakoidi kwenye asidi ya pH 4, wakazihamishia ghafla kwenye pH 8, isiyo asidi tena, gizani. ATP ikatengenezwa bila mwanga wowote.

Binti wa Tororo
Asanteni sana. Lakini mwalimu, mbona kitabu kinasema elektroni 2 huvusha protoni 4?

Mwalimu, Jinja
Umesoma vizuri. Plastokwinoni akishusha, elektroni moja tu huendelea mbele. Ya pili hurudishwa kwa plastokwinoni mwingine, naye huenda kuchota tena protoni nje. Chora mshale huo ukirudi nyuma, kisha hesabu upya.