Vidole vinene na kodi (chords) za gitaa zinazokufa: ninunue gitaa la shingo pana au nibadili uwekaji wa vidole?

Mikono_Jembe
Wakuu habari za muda huu. Nina viganja vikubwa na vidole vinene, najifunza gitaa kavu la nyuzi za chuma. Kodi, yaani nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja, za G na Em zinatoka fresh ila nikija kwenye A na D ni balaa, kwenye A vidole vitatu haviingii kwenye freti moja (nafasi kati ya chuma na chuma shingoni), kimoja lazima kimlalie mwenzake na uzi unakufa. Hata kwenye C uzi wa 1 (ule mwembamba wa chini kabisa) hausikiki kabisa. Naona njia tatu: nihamie gitaa la nailoni maana shingo yake pana, au nitafute la chuma lenye shingo pana kidogo, au nibaki na hili hili nibadilishe vidole. Kuna mtu kanishauri kapo pia, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni. Wenye mikono kama yangu mlifanyaje? Sitaki ninunue gitaa jipya halafu tatizo nihame nalo.

Uzi_wa_Sita
Mkuu anza kwa kupima shingo pale kwenye nati, kile kipande ambacho nyuzi zinapita kabla ya freti ya 1. Magitaa mengi ya chuma yanacheza kwenye milimita 43, yale wanayopenda wapigaji wa vidole mara nyingi 44.5, machache yanafika 46, na nailoni la klasiki la kawaida ni 52. Kwenye 43 nyuzi zinaachana kama milimita 7, kwenye nailoni kama 8 na nusu. Kwenye karatasi utasema hiyo ni nini, ila kidole kinene kinaisikia hiyo tofauti papo hapo.

Dada_Nailoni
Kaka nenda nailoni usiumize kichwa. Ukiacha upana, nyuzi zenyewe ni laini, hubonyezi kwa nguvu, na usipokandamiza sana ile nyama ya ncha haitanuki kwenda kugusa uzi wa jirani. Watu wanasahau hilo, wanahesabu milimita tu. Segovia mwenyewe, yule mpiga gitaa wa Uhispania, alikuwa na vidole vinene kweli kweli na aliyoyafanya na gitaa la klasiki dunia nzima inayajua.

Bwana_Bare
Sawa dada ila mwambie na upande wa pili. Nailoni ni pana na ubao wake uko bapa, sasa mwenye mkono mkubwa ana faida moja ambayo sisi wengine tunaililia tu: dole gumba linapita juu ya shingo na kubonyeza uzi wa 6. Jimi Hendrix, yule gwiji wa gitaa la umeme, alikuwa anapiga hivyo, kodi ya F bila bare nzima (kidole kimoja kulala juu ya nyuzi zote). Kwenye 52 hilo linakuwa kazi hata kwa mkono mkubwa. Na sauti ni nyingine kabisa, kama jamaa anataka kuchapa kodi kwa piki (kale kaplastiki ka kupigia nyuzi) ile sauti ya chuma ataimisi.

kapo_nambambili
Mi natumia kapo freti ya 2 au ya 3 na mambo yanaenda

Uzi_wa_Sita
@kapo_nambambili kwa mwenye vidole vya kawaida sawa, nyuzi zinakuwa chini na kubonyeza kunakuwa rahisi. Ila kwa huyu nina wasiwasi. Gitaa la urefu wa milimita 648 toka nati mpaka daraja, freti ya 2 ina nafasi ya milimita 34 hivi. Weka kapo freti ya 3, ile A yako inahamia freti ya 5 ambako nafasi imebaki kama 29. Nyuzi zimeachana kidogo zaidi kweli, lakini chumba chenyewe kimekuwa kifupi na A inataka vidole vitatu humo ndani. Atabanana zaidi.

FundiShingo
Nawasoma tu. Kabla hamjamnunulisha mtu gitaa, bonyeza uzi kwenye freti ya 3 halafu chungulia freti ya 1 uone uzi umeachana kiasi gani na chuma cha freti. Inatakiwa pawe na kanafasi kadogo sana, kama karatasi hivi. Ukiona pamepanuka basi mfereji wa nati uko juu, fundi auchimbe. Nati ikiwa juu unakandamiza mno freti za mwanzo, kidole kinalala, kinaua uzi wa pembeni, halafu lawama zote anabeba mwenye mkono.

Njia nyingine ambayo hamjaitaja ni gitaa la nyuzi 12, nati yake inakaa milimita 48 hivi, unafunga nyuzi 6 tu. Ila lazima litengenezewe nati mpya yenye mifereji sita iliyogawanywa sawa, usipofanya hivyo nyuzi zinakaa hovyo.

Dole_Gumba
Mimi nasema namba tatu, na mikono yangu sio midogo. Piga kodi halafu donoa uzi mmoja mmoja taratibu, ukikuta uliokufa usiachie, angalia NANI kaugusa. Kwenye C mara nyingi sio ncha kabisa, ni pale chini ya kidole cha shahada panagusana na uzi wa 1, kwa sababu kiganja kimekumbatia shingo. Shusha dole gumba lije nyuma katikati ya shingo, sogeza kiwiko mbele kidogo, vidole vitasimama. Kucha kata mpaka mwisho, ukiwa na kucha kidole hakisimami hata ufanyeje.

Na hiyo A wanayofundisha shahada, kati, pete kwa mstari achana nayo. Weka cha kati uzi wa 4, cha shahada uzi wa 3, cha pete uzi wa 2. Shahada inakaa nyuma kidogo katikati ya wenzake, kwa hiyo vinakuwa pembetatu badala ya foleni. Kama bado vinabanana, shahada ibonyeze uzi wa 4 na wa 3 kwa pamoja halafu cha kati uzi wa 2. Hapo unene ndio unakusaidia, mwenye vidole vyembamba hiyo inamtesa.

Dada_Nailoni
Hiyo ya vidole viwili nzuri aisee. Ila bado nasimama na shingo pana, akipata 46 ya chuma atapumua, na wala hatahitaji kuhama sauti.

Bwana_Bare
46 hapo hata mimi nakubali, dole gumba bado linafika. Ajaribu kwanza kwa mtu kabla hajanunua.

Mikono_Jembe
Asanteni sana wakuu. Nimepima, langu 43 kamili, na ule uzi freti ya 1 umeachana sana kwa hiyo kwa fundi naenda. C imefunguka baada ya kushusha dole gumba, sikuamini! A ya pembetatu nyuzi zote zinasikika ila wa 3 unakoroma. D bado.

Dole_Gumba
Unakoroma kwa sababu shahada iko mbali na chuma cha freti. Zungusha kifundo cha mkono kidogo ili vidole vilale mshazari, shahada itasogea mbele bila kumsukuma wa kati. Ikigoma nenda ile ya vidole viwili. D jaribu shahada ilale juu ya uzi wa 1, wa 2 na wa 3 freti ya 2, cha kati uzi wa 2 freti ya 3. Ikitoka utuambie, maana hiyo wengine inawagomea.