Benki wanataka nisaini kama mdhamini wa kampuni yangu mwenyewe, naomba ushauri

Mtafuta_Njia: Wakuu, usingizi sipati. Kampuni yangu inakopa benki, nikaletewa karatasi mbili: moja ya rehani ya nyumba, nyingine inaniita "mdhamini". Kampuni ni yangu, sasa najidhamini vipi mwenyewe? Rehani na udhamini vina tofauti gani? Ijumaa wanataka jibu.

Bin_Hesabu: Mkuu, kampuni iliyosajiliwa ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Aron Salomon, mtengeneza buti wa London, alikuwa na hisa 20,001 kati ya 20,007 za kampuni yake. Mkewe na watoto watano walishika moja moja. Kampuni ilipofilisika, mahakama za chini zikataka abebe madeni yake. Mwaka 1896 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza enzi hizo, likakataa: deni ni la kampuni. Benki wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanataka saini yako binafsi. Ukisaini, kinga hiyo umeivua mwenyewe.

Mama_Wawili: Mume wangu alimdhamini rafiki yake. Rafiki kahama, simu hapokei, sisi tunalipa. Angalia kama wameandika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Tulidhani tutagawana na mdhamini mwenzetu, kumbe wanaruhusiwa kumdai mmoja deni lote. Wakamshika mwenye mshahara.

Kipanga: Achana na mikopo, kalime.

Mtafuta_Njia: Asanteni, ila rehani bado sijajibiwa.

Wakili_wa_Zamu: Rehani inashika mali, udhamini unakushika wewe. Usipolipa, mkopeshaji anaweza kuiuza nyumba. Kabla haijauzwa una haki ya kuikomboa kwa kulipa deni. Bei ya mnada isipotosha, udhamini unafuata mali zako nyingine. Sasa nijibu: hati ya nyumba ina jina la nani?

Mtafuta_Njia: Ni ya familia.

Wakili_wa_Zamu: Nimeuliza majina.

Mtafuta_Njia: Langu na la dada yangu, yuko nje ya nchi. Ila aliniachia hati ya uwakili, kila kitu nafanya mimi. Hata paa nimeezeka kwa hela yangu.

Wakili_wa_Zamu: Tuandikie maneno yenyewe.

Mtafuta_Njia: "Kukusanya kodi, kulipa mafundi, kushughulikia wapangaji na mambo mengine yahusuyo nyumba." Si ndiyo hayo mambo mengine? Biashara ikikaa sawa na yeye atafaidika.

Wakili_wa_Zamu: Hapana, ndugu yangu. Hati ya uwakili husomwa kwa kubana. Maneno ya jumla yakifuata kodi na mafundi huchukuliwa kuwa ya aina hiyo hiyo, hayafiki kwenye rehani. Tena wakala hatumii madaraka ya mwenzake kwa faida yake, na mkopo huu ni wa kampuni yako. Dada akienda mahakamani kuipinga rehani, wewe unabaki na deni na kesi.

Jicho_Pembe: Wakuu, hii chai. Mwezi uliopita kwenye uzi wa mirathi huyu huyu alisema hana ndugu.

Kipanga: Nilihisi! Benki gani inapokea hati ya majina mawili kwa saini moja?

Mtafuta_Njia: Nilisema sina ndugu wa kunikopesha. Karudie kusoma.

Jicho_Pembe: Na dada kazaliwa leo, baada ya wewe kubanwa?

Mama_Wawili: Mwacheni. Iwe kweli, iwe chai, mimi nina hati ya majina mawili kabatini. Wakili, mmoja akifariki inakuwaje?

Wakili_wa_Zamu: Inategemea aina ya umiliki, dada. Kuna wa pamoja, ambao aliyebaki anachukua vyote, na kuna wa mafungu, ambao fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Soma hati yako imeandikwa vipi. Mtafuta Njia, umeshasaini ipi?

Mtafuta_Njia: Ya udhamini. Ya rehani bado, na fedha hazijatoka. Lakini mashine nimeshaagiza, siwezi kurudi nyuma.

Wakili_wa_Zamu: Mashine haikupi ruhusa ya kumsainia dada yako. Chukua karatasi ya udhamini umpelekee wakili wa hapo ulipo, aangalie kama unaweza kujitoa kabla fedha hazijatoka. Na dada umpigie leo.

Mtafuta_Njia: Nitampigia mashine zikifika.

Mama_Wawili: Mpigie kabla, kaka.